Vibuyu Vinne vya Maziwa

Katekista wetu kabla hajasema "ndugu zangu wapendwa" anavuta kwanza pua, halafu anaangalia juu kwenye paa kama vile maneno yameandikwa kule kwa popo. Nesi wa zahanati anaongea kama anafukuza kuku: "Kaa pale, kaa pale, si nimesema pale." Mwenyekiti wa kijiji kila neno analianza mara mbili, la kwanza la kujaribu. Hawa wote ninao mdomoni. Darasani sikukaa hata siku moja, na haya nayasema tu, mwingine anaandika. Lakini mtu akipita hapa kwangu akasema maneno matatu, akiondoka anaacha sauti yake, mimi naiokota. Marehemu mume wangu alikuwa akisema siku nikitangulia mimi, atakuwa amefiwa na watu arobaini kwa mpigo.

Nyingi nimeziokota kwa raha. Moja niliiokota vibaya, ndiyo ninayotaka kuisema.

Kwanza mjue kwamba kwetu sisi Wamwera kuigiza watu siyo upuuzi. Ni kazi. Tuna watani wetu Wangoni, babu zao walikuja huku zamani wakawapiga babu zetu, wakachukua chakula na wanawake. Vita vikaisha, ukabaki utani. Mngoni akifiwa, mimi naenda. Nachota maji, napika, naosha maiti kama ni mwanamke, na hapohapo navaa nguo ya marehemu, natembea alivyokuwa anatembea, naomba ugoro alivyokuwa anaomba. Wafiwa wanacheka huku machozi yanatiririka. Hakuna anayekasirika. Asiyefanyiwa hivyo ndiye anayelalamika, anasema marehemu wetu amezikwa kama mbwa.

Sasa wakaja Wasukuma na ng'ombe zao. Walitoka mbali, kanda ya ziwa huko, wakashuka na ng'ombe mpaka kwetu huku Ruangwa. Wengine walikaa Nambilanje, wengine Chunyu, na familia moja ikaweka boma bondeni, mwendo wa saa nzima kutoka kijijini kwetu, ukitokea njia ya Mbekenyera. Ng'ombe hajui mpaka wa shamba. Mwaka wao wa kwanza waliingia kwenye ufuta wangu, ufuta umeshaanza kutoa maua, na jua lilipopanda mimi nimebaki nimesimama kwenye vijiti. Tulienda ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akasema, "Hili, hili jambo, tuta, tutalitazama." Mpaka leo analitazama.

Mwaka huohuo binti yangu akarudi kwangu kujifungua. Alikuwa ameolewa Nachingwea, lakini mimba ya kwanza kwetu mtu hurudi kwa mama yake. Uchungu ulimjia kabla ya siku zake, tukiwa tunapepeta mahindi. Mtoto alitoka vizuri tu, wa kike, mdogo kama sungura. Ila damu ikakataa kusimama. Tulimpakia kwenye bodaboda, jirani yangu nyuma amemkumbatia, dereva mbele, mimi nikabaki na mtoto mlangoni nikiangalia vumbi lao. Hawakufika mbali. Nilisikia pikipiki inarudi, inarudi polepole, nikajua. Anayemkimbiza mgonjwa hospitali harudi mapema hivyo, tena hatembezi pikipiki kama amebeba mayai.

Huyu jirani ni mama wa Kiislamu, watu wa hapa tangu zamani, mikorosho ya babu yake imepakana na ya babu yangu. Sauti yake ya chini, imekwaruza, na hana neno la ziada. Aliposhuka alisema, "Mwenye mali amechukua." Akaingia ndani akanisaidia kumwosha.

Watani walikuja. Mama mmoja wa Kingoni, mnene, akavaa kitenge cha mwanangu, akasimama uani, akaanza kunigombeza kama mwanangu alivyokuwa ananigombeza: "Mama, umeanza tena kuwasema watu, mama, acha, watu wanakusikia." Nilicheka. Mtoto wangu yuko ndani amelazwa, na mimi nacheka, na kile kicheko ndicho kilichonishika nisianguke. Nyuma ya jiko, peke yake, nilimwona yule mama wa Kisukuma wa bondeni. Alikuwa amekuja kuhani. Hakuna aliyemsogezea mkeka. Alikuwa amekaa chini kwenye udongo, macho yamemtoka, anamwangalia yule Mngoni kama anaangalia mtu aliyepagawa. Na mimi nilimwona, nikageuza uso. Nilikuwa nauona ufuta wangu.

Mtoto akabaki. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo hakukuwa na maneno. Mkwe wangu alileta makopo ya maziwa ya unga kutoka Nachingwea, akalia, akaniambia kwa ile sauti yake ya mtu anayeongea kwenye simu yenye salio dogo, "Mama, nitatuma mengine." Akaenda Dar kutafuta kazi. Makopo yakaisha. Mengine sikuyaona.

Hapo ndipo lilipokuwa suala lenyewe. Mtoto wa wiki tano, hana titi, na kijijini hakuna hata mbuzi anayekamuliwa. Nesi aliniambia, "Bibi, usimpe uji, usimpe uji, utumbo wake bado, umesikia? Tafuta maziwa." Nikamuuliza niyatafute wapi. Akaanza kupanga makaratasi.

Siku ya pili baada ya kopo la mwisho, asubuhi, nikasikia hodi ya kigeni. Ni yule mama wa bondeni. Amepiga magoti mlangoni kwangu, mikononi ana kibuyu kimezibwa kwa majani, pembeni yake katoto ka kike ka miaka kama sita. Akasema, sauti yake inaanza juu inashuka polepole kama mtu anayeteremsha mzigo kichwani, "Mwangaluka, mayu." Ndivyo wanavyoamkia kwao, na mayu ni mama. Nikaitikia shingo upande. Akasema, "Nimesikia mtoto hana maziwa. Nimeleta."

Hakutaja ufuta. Hakutaja msiba. Nilimwambia, "Weka pale." Hilo ndilo asante langu.

Nesi alinifundisha kuyachemsha na kuyazimua kwa maji yaliyochemka, na mtoto akakamata chupa kama anaidai. Kesho yake yule mama akaja tena. Na kesho yake tena. Saa nzima kuja, saa nzima kurudi, kila asubuhi, na kila siku magoti chini. Mwanawe ndiye aliyenichekesha. Alikuwa ameng'oka meno ya mbele, upepo unapita kwenye pengo akiongea. Mtoto wangu akianza kulia kabla maziwa hayajapoa, yeye anamwinamia mpaka pua zao zinakutana, anamwambia, "Usilie, ng'ombe hajaisha." Kila siku vilevile. "Usilie, ng'ombe hajaisha." Kama vile ng'ombe ni wa kwake, na kama vile ng'ombe ni sufuria.

Nilimpenda yule mtoto. Mama yake sikumpenda. Nilimpokea kama mtu anavyopokea mvua, wingu halipewi asante.

Sasa nije kwenye pampu. Sisi maji tunachota kwenye kisima cha pampu, na foleni ni ndefu, na kwenye foleni mimi ndiye redio. Siku hiyo wanawake wakaniambia, "Mama, tuwekee yule wako wa maziwa." Nikawawekea. Nikapiga magoti kwenye tope, makalio juu, kopo likawa kibuyu, nikashusha ile sauti: "Mwangaluka, maaayu." Nikaongeza kidogo, nikamfanya anamwongelesha ng'ombe naye kwa magoti. Watu wakashika mbavu. Nikaingia kwa yule mtoto, nikabana midomo nitoe upepo wa pengo: "Usilie, ng'ombe hajaisha."

Kicheko kikakatika. Nikageuka. Alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo, yeye na mwanawe.

Mtoto alikuwa anacheka. Alikuwa amefurahi mno, anaruka, anapiga makofi, anamvuta mama yake nguo. Mama hakucheka. Aliipandisha ndoo yake kichwani tupu, akamshika mtoto mkono, wakaondoka bila kuchota.

Jirani yangu, yule wa sauti ya kukwaruza, akaniambia, "Umeona ulichofanya."

Nikasema, "Utani huo. Atazoea."

Na nilikuwa naamini. Nisingizie nini sasa. Nilijiambia, hawa wamekula ufuta wetu, tumegombana nao mpaka ofisini, yaani vita vimeshapita, kwa hiyo utani umeshaanza, kama sisi na Wangoni. Nilisahau kwamba utani ni wa watu wawili. Wangoni nao wanakuja kutuosha maiti zetu. Huyu mimi nilikuwa sijamfanyia lolote, hata mkeka.

Asubuhi yake maziwa hayakuja.

Nikasema, amenuna. Jua lilipopanda nikasikia hodi, sauti ya mwanamume. Nikachungulia kwenye upenyo wa ukuta wa jiko, nikamwona mume wa yule mama, mrefu, fimbo mkononi, shuka begani.  Nikajua amekuja kunishitaki kwa habari ya pampu. Akapiga hodi tena. Mtoto mikononi akaanza kukunja uso anataka kulia, nikamziba mdomo kwa kiganja. Nilimziba hivyo, nikabana pumzi, mpaka yule baba akaondoka. Aliondoka taratibu, akageuka nyuma mara moja.

Siku ya pili hakuna maziwa. Nikampa mtoto uji mwepesi, mwepesi sana, kama maji ya kuoshea sufuria. Siku ya tatu akaanza kuharisha. Jirani yangu alikuja akanikuta nafua nepi, akaniambia, "Nenda bondeni ukaombe radhi." Nikamwambia, "Akae na maziwa yake. Mimi nimpigie magoti mtu ambaye ng'ombe zake zimenimaliza?"  Alichukua nepi zilizobaki akazifua yeye.

Siku hiyohiyo ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwangu. Tulikaa mkekani, tukasoma, maana wengine wanasoma, mimi nasikia. Ilikuwa habari ya yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, wakubwa wa dini wakampita, akaja kumbeba mtu wa kabila lisilopendwa. Katekista akavuta pua, akatazama juu, akauliza, "Ndugu zangu wapendwa, jirani yetu ni nani?" Nami alipotangulia kutoka nikawawekea wenzangu pale mlangoni, pua na macho na yote. Walicheka mpaka barabarani. Mtoto ndani hakuwa analia tena. Nilidhani amelala.

Siku ya nne nilimwangalia utosi. Umebonyea kama kijiko. Macho yako wazi lakini hayanitafuti. Nilimbana kidogo ngozi ya tumbo ikabaki imesimama, hairudi. Nilimpeleka zahanati mbio, jirani yangu nyuma. Nesi safari hii hakufukuza kuku. Alikoroga dawa ya pakiti, akawa anamdondoshea kwa kijiko, kijiko kimoja, kijiko kingine, muda mrefu, halafu akaniambia kwa sauti nisiyowahi kuisikia kwake, "Bibi, hii inarudisha maji. Hailishi. Alikuwa anakunywa maziwa ya ng'ombe, yako wapi?"

 Sauti zangu arobaini zote zilikaa kimya.

Jirani yangu ndiye aliyesema. "Beba mtoto. Twende bondeni." Nikamwambia naogopa. Akasema, "Mungu wako na Mungu wangu wote wanakuona. Tembea."

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitasema nimekosa. Nitasema mimi mzee, akili zimechoka. Nitapiga magoti na mimi, kama yeye. Mtoto mgongoni hana uzito, nilikuwa napeleka mkono nyuma kila mara kumgusa kama bado wa moto.

Tulipofika bomani ng'ombe walikuwa bado zizini, saa saba ya mchana, wanalia njaa. Ng'ombe wa Msukuma saa hizo yuko malishoni. Nje ya ua kulikuwa na udongo mpya, tuta fupi, limefunikwa matawi ya miiba ili fisi asifukue. Fupi kiasi hiki, kama mkeka wa mtoto.

Yule baba alikuwa amekaa kwenye kigoda. Anaongea kwa kukata, kama anayepasua kuni. Akasema, "Nyoka. Kifutu. Jioni, anarudisha ndama. Ile siku mliyoonana pampuni. Hakufika asubuhi."

Nikauliza, "Nani?" Nilikuwa najua.

"Kadogo. Aliyekuwa anakuja kwako."

Akasema alipanda kijijini asubuhi ile kutafuta watu wa kumsaidia kuchimba, maana yeye mgeni, hana ndugu, kwao kaburi mtu hachimbi peke yake. Alikwenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akamwambia, "Nita, nitawatuma vijana, nita, nitawatuma." Alikaa kusubiri, hakuja mtu. "Nikaja na kwako," akasema. "Nilisema, yule mama mtoto wangu anamjua. Nilipiga hodi sana. Hukuwepo."

Jirani yangu aliniangalia. Nilimwambia yule baba, "Nilikuwepo." Nikamwambia yote, na mkono nilioziba mdomo wa mtoto nikamwonyesha, huu hapa.  Alichukua fimbo yake akaiweka upande mwingine wa kigoda, basi.

Mama alikuwa ndani, amekaa kwenye ngozi, kichwa kimenyolewa. Kwao aliyefiwa na mtoto hatoki nje ya ua mpaka siku zitimie, ndiyo maana hakuja. Nikapiga magoti. Nikaanza maneno yangu niliyoyapanga, "Mwanangu, mimi nimekosa," nikafika hapo tu, akanikata. Alikuwa anatazama mgongo wangu.

"Mayu," akasema, "mtoto amekunywa?"

Nikasema hapana. Siku nne.

Akanyoosha mkono ukutani. Pale ukutani vilikuwa vimepangwa vibuyu vinne, kila kimoja kimezibwa kwa majani. Majani ya cha kwanza yamekauka kabisa, ya cha pili yamesinyaa, cha mwisho bado ya kijani. Akasema, "Nimekamua kila siku. Nilimwambia baba yao, mtu atakuja kuyachukua, mtoto hawezi kukaa na njaa. Hakuja mtu. Yameganda."

Yaani mwanamke amemzika mwanawe, hakuna mtu wa kijiji chetu aliyeshika hata jembe, na asubuhi ya maziko amekaa chini ya ng'ombe anamkamulia mtoto wa yule aliyemfanyia dhihaka kwenye tope. Tena siku nne. Mimi Baba Yetu nimeisema tangu nina akili. Kila siku nilikuwa naomba nisamehewe, nasema kwa pua ya katekista ili wenzangu wacheke. Hivi vibuyu havikunichekesha. Vilinikalia kifuani, na bado viko hapo.

Aliinuka akaenda zizini, humohumo uani, akakamua mengine ya moto, akachemsha, akazimua vizuri kuliko nesi. Akamchukua mtoto mapajani kwake. Mtoto alikataa mara ya kwanza, midomo ilikuwa imesahau. Akamdondoshea kwa kidole. Tone, tone. Jirani yangu alikuwa anasema dua zake chini chini, mimi zangu, na yule mama sijui alikuwa anamwomba nani, sikuwahi kumuuliza dini yake, anamwomba huku mikono inafanya kazi. Mtoto akameza. Akameza tena. Tukakaa hivyo mpaka kivuli cha ua kikageuka.

Hapo ndipo aliponiambia, bila kuinua macho, "Ile siku pampuni nilikasirika. Nilifika hapa nimekasirika. Yeye njia nzima anacheka. Ananiambia, mama, yule bibi anaiweza sauti yangu. Nikamwambia nyamaza. Ndilo neno langu la mwisho alilolisikia akiwa mzima. Nilimwambia nyamaza, nikamtuma kwenye ndama."

Nikasema, "Mwanangu."

"Sasa amenyamaza," akasema. "Jana nilitaka nimsikie kichwani, hakuja. Naona uso, sauti haiji. Kule msibani kwako nilimwona yule mama amevaa nguo ya marehemu anaongea kama marehemu. Nilisema hawa watu wamerukwa na akili. Sasa naelewa. Wewe unayo sauti yake. Nipe."

Maisha yangu yote watu wameniomba niwawekee fulani, na sijawahi kukosa.  Siku hiyo nilimtazama kwanza jirani yangu, akaniitikia kwa kichwa. Nikamwinamia mtoto pale mapajani kwa yule mama, mpaka pua zikagusana. Nikabana midomo nipate ule upepo.

"Usilie," nikasema, "ng'ombe hajaisha."

Yule baba alikuwa amesimama mlangoni. Aliondoka akaenda zizini, tukamsikia anafungua lango, anawatoa ng'ombe. Mama alijikunja akaficha uso kwenye nguo ya mtoto wangu, mabega yanatikisika, sijui anacheka sijui analia, kwetu hatutofautishi sana. Kisha akasema, "Tena."

Nikasema tena. Nilisema mpaka sauti ikawa ya kwangu mwenyewe, nikapumzika, nikasema tena.

Kesho yake nilikwenda pampuni. Niliwaambia wanawake yote, na mlango niliojifichia. Hakuna aliyecheka, na wengine walikuwa na milango yao waliyojifichia. Tuliteremka tukiwa tisa, na majembe na unga, siku za kuzika zimeshapita. Tulipalilia pale pembeni, tukajenga kaburi kwa mawe, tukapika. Wengine hawakuja, na ng'ombe waliendelea kuingia mashambani, na watu wakaendelea kugombana. Sitaki mtu adhani kijiji kiliokoka.

Maziwa niliyafuata mwenyewe kila asubuhi mpaka mtoto akaweza kula. Kila nilipofika nilitangulia kupiga magoti mimi, na yeye ananizuia, na mimi nakataa. Mtoto alipona, ila alichelewa. Alikaa amechelewa, akatembea amechelewa sana, na mpaka leo miguu yake ni myembamba, akikimbia na wenzake anabaki nyuma. Nesi anasema zile siku nne hazikumsaidia. Nesi hajui kuficha neno, na mimi simwambii afiche.

Kiangazi kilichofuata malisho yakaisha, wakahama. Walisema wanaelekea upande wa Tunduru. Asubuhi ya kuondoka yule mama alipita kwangu, kibuyu mkononi, akaniambia, "Mayu, kaburi nakuachia. Na ile sauti nakuachia. Usiitumie ovyo." Sijasikia habari zao tena. Simu hawakuwa nayo, na mimi namba nisingeweza kuisoma.

Kila mwaka kabla ya kupanda ufuta nateremka bondeni kupalilia. Mjukuu wangu tunakwenda naye, polepole kwa sababu ya miguu yake, siku hizi na yangu. Nikimaliza kung'oa majani namwambia kaa hapa kwenye jiwe, namwinamia, namwambia yale maneno. Huko nyuma nilikuwa nahangaika kubana midomo ili upepo upite sawasawa. Mwaka jana meno yangu mawili ya mbele yakang'oka. Sasa sibani kitu. Sauti inakuja yenyewe, yake kabisa.